Sindano ni salama, lakini mikono ya daktari je?

KATIKA mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, hakuna anayehitaji kuhutubiwa kuhusu kunawa mikono. Mtoto hufunzwa angali mdogo kwamba mkono haugusi sinia la wali kabla ya birika na beseni kupitishwa. Anayekwenda kuswali hutawadha kwanza, na huanza kwa kuosha viganja vya mikono yake. Usafi wa mikono ni sehemu ya adabu, na asiyeuzingatia huonekana mtu asiyelelewa.

Hata hivyo, mkazi huyo huyo anapougua na kuingia katika chumba cha daktari, jambo hilo husahauliwa na pande zote mbili. Daktari hugusa paji la uso la mgonjwa, humbinya tumbo, huandika dawa kisha humwita anayefuata. Mgonjwa haulizi kitu. Lakini lau angemwona daktari akiokota sindano iliyotumiwa kwa mgonjwa aliyetangulia, angenyanyuka kitini na mtaa mzima ungepata habari kabla ya magharibi.

Sindano chafu inatisha, mkono usionawiwa hautishi. Tofauti hiyo haiko katika fikra za wagonjwa pekee, kwani imepimwa kwa hesabu katika vituo vya afya vya Kenya, na hesabu yenyewe inastahili kutafakariwa na kila anayetibu na kila anayetibiwa.

Mara mbili katika mia

Mwaka 2015, watafiti waliwafuatilia wahudumu wa afya 1,680 katika vituo 935 vya kaunti tatu za Kenya, ambazo ni Kakamega, Meru na Kilifi. Kaunti hiyo ya mwisho ni jirani wa Mombasa, na msafiri huingia humo mara tu avukapo daraja la Mtwapa. Watafiti hao walitazama kwa macho yao namna wagonjwa 14,328 wa kutibiwa na kurudi nyumbani walivyohudumiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017 katika jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO).

Upande wa sindano na utoaji wa damu ya kupimwa, taratibu za usalama zilifuatwa kwa asilimia 87.1. Hicho ni kiwango cha kujivunia. Upande wa usafi wa mikono, taratibu zilifuatwa kwa asilimia 2.3 tu. Maana yake ni kwamba katika kila mara 100 ambapo mhudumu alipaswa kusafisha mikono, alifanya hivyo takriban mara mbili.

Ni muhimu kusisitiza kwamba hao walikuwa watu wale wale, katika vyumba vile vile, chini ya serikali ile ile. Mhudumu aliyefungua sindano mpya mbele ya mgonjwa ndiye huyo huyo aliyemshika bila kunawa. Kwa hiyo, haitoshi kusema kwamba wahudumu wa afya ni wazembe, wala haitoshi kusema kwamba umaskini ndio chanzo cha yote. Kuna jambo lililofanikiwa katika sindano ambalo halijafanyika katika mikono.

Tatizo hili si la Kenya peke yake. WHO inakadiria kuwa katika nchi maskini, kiwango cha usafi wa mikono wakati wa kuwahudumia wagonjwa mahututi ni kama asilimia 9, na hata katika nchi tajiri ni nadra kiwango hicho kupita asilimia 70. Wala cheo hakileti nafuu. Mwaka 1994, katika hospitali kuu ya Geneva nchini Uswisi, wauguzi walisafisha mikono katika asilimia 52 ya nafasi walizopaswa kufanya hivyo, ilhali madaktari waliishia asilimia 30.

Gharama ya mkono mchafu

Mkono wa mhudumu ni njia kuu ambayo vijidudu huitumia kusafiri ndani ya hospitali. Bakteria hukaa juu ya ngozi ya mgonjwa, kwenye shuka, kwenye reli ya kitanda na kwenye meza iliyo kando yake. Mhudumu huwachukua bila kuwaona na kuwapeleka kwenye kidonda, kwenye mpira wa mkojo au kwenye mshipa wenye dripu wa mgonjwa mwingine. Hapo bakteria ambaye hakuwa na madhara juu ya ngozi hupata mlango wa kuingia mwilini.

Kwa mujibu wa ripoti ya WHO ya mwaka 2022, kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa, saba katika nchi tajiri na 15 katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati huambukizwa angalau ugonjwa mmoja wakiwa humo humo hospitalini. Kwa wastani, mmoja katika kila kumi wa walioambukizwa hufariki dunia.

Pwani ya Kenya ina ushahidi wake. Katika hospitali ya Kilifi, ambako watafiti wa taasisi ya KEMRI-Wellcome wamefanya kazi kwa miaka mingi, damu ya watoto wanaolazwa hupimwa kwa kuoteshwa maabara ili kujua kama ina bakteria. Kwa sababu hiyo iliwezekana kutenganisha watoto waliofika wakiwa tayari wameambukizwa na wale walioambukizwa baada ya kulazwa. Uchunguzi wa kati ya mwaka 2002 na 2009, uliohusu watoto waliolazwa zaidi ya mara 33,000, ulionyesha kuwa kati ya kila 1,000 waliolazwa, karibu sita walipata bakteria katika damu wakiwa wodini. Zaidi ya nusu ya watoto hao walifariki. Miongoni mwa waliotoka na maambukizi kama hayo nyumbani, waliofariki walikuwa takriban robo.

Si kila maambukizi ya aina hiyo hutokana na mikono. Mengine hutokana na vifaa, maji ya kuchanganyia dawa au udhaifu wa mwili wa mtoto mwenyewe. Lakini mkono ndio kiungo kinachogusa vyote hivyo. Aidha, kila maambukizi yanayozuiwa ni dawa kali isiyotumika, na hivyo ni hatua dhidi ya usugu wa dawa, hali ambayo imeanza kuwanyima madaktari silaha zao.

Somo la Vienna

Uhusiano kati ya mkono wa daktari na kifo cha mgonjwa ulithibitishwa zamani. Katika miaka ya 1840, hospitali kuu ya Vienna nchini Austria ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Katika ya kwanza walifanya kazi madaktari na wanafunzi wao, na katika ya pili wakunga. Mwaka 1846, zaidi ya asilimia 11 ya wanawake waliojifungua katika wodi ya madaktari walikufa kwa homa ya uzazi, ilhali katika wodi ya wakunga hawakufika asilimia 3. Wanawake wa mji huo walilijua jambo hilo, na wengine waliomba kwa machozi wasipelekwe kwa madaktari.

Daktari Ignaz Semmelweis alipata jibu mwaka 1847, baada ya rafiki yake Jakob Kolletschka kufariki kutokana na jeraha la kisu alilolipata wakati wa kupasua maiti. Dalili za rafiki huyo zilifanana na za wanawake waliokuwa wakifa wodini. Semmelweis alitambua kuwa madaktari walikuwa wakitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake, jambo ambalo wakunga hawakulifanya. Akaamuru kila mmoja aoshe mikono kwa maji yenye klorini. Kufikia mwaka 1848, vifo katika wodi hiyo vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 1.3 hivi.

Pamoja na ushahidi huo, wakubwa wengi wa taaluma hawakumkubali. Kukubali kungekuwa ni kukiri kwamba mikono yao wenyewe, mikono ya watu wasomi na wenye heshima, ndiyo iliyokuwa ikiua. Semmelweis alifariki mwaka 1865 akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Tangu siku hizo sayansi ya bakteria imekamilika na hakuna daktari leo anayepinga. Kilichobaki si kujua bali ni kutenda.

Si ujinga wala si jeuri

Kwa nini basi mtu aliyesoma miaka mingi, tena anayenawa bila kukosa kabla ya kula, apitwe na jambo dogo kama hili?

Watafiti wa Australia waliochunguza swali hilo walieleza kuwa kuna kunawa kwa namna mbili. Namna ya kwanza hutokana na tabia iliyojengwa tangu utotoni. Mtu akigusa uchafu, damu, au kitu kinachonata, akili humsukuma kunawa bila hata kufikiri. Namna ya pili haina msukumo huo. Kumshika mgonjwa mkono, kupima mapigo ya moyo au kusogeza mto wake hakuachi alama yoyote. Mkono huonekana safi, huhisi safi, na hivyo hauombi maji.

Hapo ndipo malezi ya Kibokoni, pamoja na uzuri wake, yasipotosha. Yanamfundisha mtu kunawa kwa sababu ya chakula, ibada au uchafu unaoonekana. Hospitali inadai kunawa kwa sababu ya mtu mwingine, na kwa ajili ya kitu ambacho jicho halikioni.

Ndiyo maana WHO ilitaja nyakati tano ambazo mhudumu hapaswi kuziacha zipite. Kwanza ni kabla ya kumgusa mgonjwa. Pili ni kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, kama kuchoma sindano au kufunga kidonda. Tatu ni baada ya kukaribiana na damu au majimaji ya mwili. Nne ni baada ya kumgusa mgonjwa. Tano ni baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye, hata kama yeye mwenyewe hakuguswa.

Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa wahudumu hukumbuka zaidi nyakati za “baada” kuliko za “kabla”. Kunawa baada ya kumgusa mgonjwa humlinda mhudumu. Kunawa kabla ya kumgusa humlinda mgonjwa. Mwanadamu hujikinga kwanza, mara nyingi bila hata kujua kwamba anachagua.

Kazi nyingi nazo huzidisha tatizo. Katika uchunguzi wa Geneva ilibainika kuwa kadiri nafasi za kunawa zilivyoongezeka katika saa moja, ndivyo kiwango cha kunawa kilivyopungua. Wagonjwa waliohitaji uangalizi mkubwa zaidi ndio waliohudumiwa kwa mikono isiyosafishwa mara nyingi zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Daktari anayewaona wagonjwa 40 kwa siku, hata akiunganisha kunawa baada ya mgonjwa mmoja na kabla ya anayefuata, anahitaji kusafisha mikono si chini ya mara 40. Kunawa vizuri kwa sabuni na maji huchukua kati ya sekunde 40 na 60. Akinawa kwa dakika moja kila mara, ametumia dakika 40 bila kuhesabu mwendo wa kwenda na kurudi kwenye sinki. Foleni iliyo nje haiwezi kumsubiri.

Mfereji usio na maji

Hesabu hiyo inachukulia kuwa maji yapo. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji yake mengi husafirishwa kwa mabomba kutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima zilizo zaidi ya kilomita 200 huko Taita Taveta, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na chemchemi ya Marere katika milima ya Shimba. Mgao wa maji ni jambo ambalo wakazi wa Mji wa Kale wamelizoea, na mikokoteni ya kuuza maji kwa mitungi imekuwa sehemu ya mandhari ya vichochoro vyake kwa miaka mingi. Zahanati iliyo katika mtaa wa namna hiyo hukumbwa na ukavu ule ule unaoikumba nyumba ya jirani.

Lakini maji peke yake hayamalizi tatizo. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2003 habari ya hospitali moja ya Chicago iliyohamia jengo jipya lenye masinki mengi zaidi. Wengi walitarajia kwamba wahudumu wangenawa zaidi. Badala yake, kiwango cha usafi wa mikono kilishuka kutoka asilimia 53 hadi asilimia 23. Walichogundua ni kwamba aliyeingia chumbani pamoja na mkubwa wake au mwenzake asiyesafisha mikono, naye mara nyingi hakusafisha. Mwanafunzi hufuata mikono ya mwalimu wake kuliko maneno yake.

Kitakasa mikono na suala la alkoholi

Dawa ya tatizo la maji na la muda imekwisha kupatikana. Ni kitakasa mikono chenye alkoholi, ambacho wengi Mombasa hukiita sanitaiza. Hukauka chenyewe, hakihitaji mfereji wala taulo, na huua vijidudu vingi ndani ya sekunde 20 hadi 30. Muhimu zaidi, chupa inaweza kuwekwa mezani au kitandani, pale pale mkono unapokutana na mgonjwa. Geneva ilipoweka chupa hizo kando ya vitanda na kuwahamasisha wahudumu, kiwango kilipanda kutoka asilimia 48 mwaka 1994 hadi asilimia 66 mwaka 1997.

WHO imetoa kanuni ya kukitengeneza kwa gharama ndogo. Ili kupata lita 10, mfamasia huchanganya mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na mililita 145 za gliserini inayozuia ngozi kukauka, kisha hujazia maji yaliyochemshwa na kupoa. Mchanganyiko huachwa kwa saa 72 kabla ya kutumiwa. Hiyo ni kazi ya chumba cha dawa na si ya jikoni, kwa kuwa ethanoli hushika moto haraka.

Nchini Mali, hospitali ya Point G mjini Bamako ilitumia alkoholi ya miwa iliyotengenezwa nchini humo. Kati ya mwaka 2006 na 2008, usafi wa mikono uliongezeka kutoka asilimia 8 hadi karibu asilimia 22. Bado ni kiwango cha chini, lakini ni karibu mara tatu ya kile cha awali. Kenya nayo ina alkoholi ya miwa kutoka viwanda vya magharibi mwa nchi, na hospitali zake kadhaa zilijaribu kujitengenezea kitakasa mikono kati ya mwaka 2012 na 2014. Kwa hiyo uwezo upo.

Katika mtaa wenye Waislamu wengi kama Kibokoni, huulizwa kama inafaa kujipaka alkoholi. Suala hilo lilijadiliwa na wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu katika kikao chao cha Makka, Januari 2002. Waliruhusu alkoholi kutumiwa nje ya mwili kwa kusafisha vidonda na kuua vijidudu. Hospitali za Saudi Arabia zenyewe zinavitumia vitakasa mikono hivyo, na nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa tano zilizoshiriki, pamoja na Mali, katika majaribio ya mpango wa WHO.

Pamoja na sifa zake, kitakasa mikono kina mipaka. Mkono wenye uchafu unaoonekana, damu au kinyesi ni lazima unawiwe kwa sabuni na maji. Aidha, kuna vijidudu vya kuharisha ambavyo hujificha katika ganda gumu lisilopenywa na alkoholi, navyo huondolewa kwa kusuguliwa na maji yanayotiririka.

Glavu nazo zina mipaka. Wagonjwa wengi hutulia wanapomwona mhudumu amevaa glavu, na wahudumu wengi huona kuwa zimechukua nafasi ya kunawa. Glavu iliyomgusa mgonjwa mmoja ikapelekwa kwa mwingine ni sawa na mkono mchafu. Isitoshe, mikono huweza kuchafuka wakati wa kuzivua, na nyingine huwa na vitundu visivyoonekana. Kanuni ni kusafisha mikono kabla ya kuzivaa kwa kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, na kila baada ya kuzivua.

Jinsi sindano ilivyobadilika

Turudi kwenye sindano. Usalama wake wa leo haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2000, karibu asilimia 40 ya sindano zilizochomwa katika nchi zinazoendelea zilikadiriwa kuwa zimetumiwa tena bila kutakaswa. Kufikia mwaka 2010, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 5.5. Ni mabadiliko makubwa kwa muda wa miaka kumi tu.

Mambo matatu yaliyaleta. Kwanza, chombo chenyewe kilibadilishwa. Mwaka 1999, WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka chanjo zote zitolewe kwa sindano zinazojifunga baada ya kutumiwa mara moja, kabla ya mwaka 2003 kumalizika. Ikawa vigumu kukosea hata kwa anayetaka kukosea. Pili, vifo vya ukimwi viliitia jamii hofu ya sindano, na mgonjwa akawa shahidi. Alitaka kuiona pakiti ikifunguliwa mbele yake. Tatu, wakubwa wa afya walihesabu na kudai hesabu.

Mikono imekosa yote matatu. Katika vyumba vingi, kufanya vibaya bado ni rahisi kuliko kufanya vizuri, kwa sababu chupa haipo mezani. Mgonjwa hajui kwamba ana haki ya kuangalia. Na vituo vichache sana huhesabu, ingawa Kenya imekuwa na mwongozo wa kitaifa wa kuzuia maambukizi katika vituo vya afya tangu mwaka 2010.

Wakati hofu ilipokuwa kubwa, hali ilikuwa tofauti. Tarehe 6 Mei 2020, siku moja tu baada ya dunia kuadhimisha Siku ya Usafi wa Mikono, serikali ya Kenya ilitangaza marufuku ya kuingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa kutokana na Covid-19. Kwa takriban mwezi mmoja, Kibokoni na mitaa jirani ilifungwa. Nchini kote, mitungi yenye mfereji na sabuni iliwekwa milangoni mwa maduka, misikiti, benki na zahanati, na asiyenawa hakuruhusiwa kuingia. Ilidhihirika kuwa mtaa mzima unaweza kubadilika kwa siku chache, mradi chombo kiwepo mlangoni na awepo mtu wa kuangalia.

Nani aseme?

Wajibu wa kwanza ni wa wenye mamlaka. Tangu mwaka 2013, huduma nyingi za afya nchini Kenya ziko chini ya serikali za kaunti, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma bora ya afya na ya maji safi ya kutosha. Chupa ya kitakasa mikono kwenye kila meza ya kutibia na kando ya kila kitanda ni bajeti ndogo ikilinganishwa na dawa za kumtibu mgonjwa mmoja aliyeambukizwa wodini.

Wajibu wa pili ni wa madaktari wakuu. Daktari mwandamizi anaposimama kando ya kitanda akiwa amezungukwa na wanafunzi, macho yote yako mikononi mwake. Akisafisha, watasafisha. Akipuuza, atakuwa amewafundisha kupuuza. Hata bango la ukutani lina lugha yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa bango linalomkumbusha mhudumu kwamba kunawa huwakinga wagonjwa liliongeza matumizi ya sabuni na kitakasa mikono kwa kiasi cha theluthi moja. Bango lililomwambia kwamba atajikinga yeye mwenyewe halikubadilisha lolote la maana.

Wajibu wa tatu ni wa mgonjwa, na huo ndio mgumu zaidi katika jamii ya Waswahili. Daktari huheshimiwa kama mzazi, na kumkosoa huonekana ni kukosa adabu. Mama aliyempakata mtoto mwenye homa huogopa kwamba akiuliza, mwanawe atatibiwa kwa hasira. Lakini mama huyo huyo haoni haya kuomba sindano ifunguliwe mbele yake, na hakuna daktari anayelichukulia ombi hilo kuwa tusi. Zamani lingekuwa tusi. Limezoeleka kwa sababu wengi waliliomba.

Ombi la mikono laweza kutolewa kwa heshima ile ile: “Samahani daktari, mikono imepita dawa?” Anayeona uzito wa kusema anaweza kumwachia mtu mzima aliyemsindikiza mgonjwa, kwani maneno ya mzee hupokewa kwa urahisi zaidi. Na vituo vya afya vinaweza kuurahisisha ujasiri huo kwa kubandika mlangoni maandishi yanayomruhusu mgonjwa kuuliza, ili daktari asihisi kwamba amevamiwa na mgonjwa asihisi kwamba amekosea.

Katika nyumba za Kibokoni, mgeni hapitishiwi birika kwa sababu anashukiwa kuwa mchafu. Hupitishiwa kwa sababu chakula kiko mbele na watu wote watakula sinia moja, na hakuna anayekasirika. Meza ya daktari nayo ni sinia la watu wengi, kila mmoja akiacha kitu chake na kuchukua cha mwenzake. Siku birika hilo, kwa umbo la chupa ndogo ya alkoholi, litakapowekwa mezani hapo na kila mtu akalitazamia, swali la nani amenawa halitakuwa na haja ya kuulizwa.